Usimlipe mdukuzi akurudishie kilichochukuliwa na mdukuzi

SWALI: Habari za kazi, kaka. Nauza vitenge na magauni hapa Sinza, na wateja wangu karibu wote wananipata Instagram. Wiki iliyopita rafiki yangu aliniandikia huko huko Instagram kwamba anagombea ubalozi wa kampuni fulani, nimpigie kura. Ikaingia meseji yenye linki, akaniomba niipige skrinshoti nimtumie. Dakika chache baadaye nikatolewa kwenye akaunti. Sasa ukurasa wangu unatangaza Bitcoin na wateja wawili wameshatuma hela. Kuna kijana anasema ni mdukuzi mzuri, anairudisha kwa 200,000. Nimeshampa 80,000, sasa anataka neno la siri la barua pepe yangu ili amalizie kazi. Hiyo barua pepe nilifunguliwa na muuza simu Kariakoo, neno la siri mwenyewe silijui. Nimlipe iliyobaki, au una mdukuzi mwingine wa uhakika?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Usimwongezee hata shilingi, na hilo neno la siri ukilipata usimpe. Mdukuzi wa uhakika wa kurudisha akaunti sinaye, kwa sababu hayupo.

Naomba nilisemee hili kwa kirefu, maana haipiti wiki bila mtu kuniletea kesi kama yako, na wengi wanafika kwangu wakiwa wameshaibiwa mara mbili: mara ya kwanza na aliyechukua akaunti, mara ya pili na aliyeahidi kuirudisha. Hasara ya pili mara nyingi ndiyo kubwa.

Akaunti yako haimo ndani ya simu yako, wala haimo kwenye simu ya mwizi. Imehifadhiwa kwenye kompyuta za Meta, kampuni yenye Instagram, na wenye uwezo wa kusema "mwenye akaunti hii ni huyu" ni wao peke yao. Wameweka mlango wa kupitia aliyeibiwa, na mlango huo ni wa bure. Kijana wako, akiwa ameketi popote hapa Dar, ana mlango ule ule ulio nao wewe. Hana mwingine. Ili aupite lazima ajifanye wewe, yaani awe na barua pepe yako, laini yako, hata sura yako kwenye kamera. Ndiyo maana anataka neno la siri. Ukimpa, hata kama ukurasa utarudi, utarudi mikononi mwake, na utakuwa umemwongezea barua pepe yenye picha zako, majina ya simu yako yote na kila kitu ulichowahi kusajili kwa anwani hiyo.

Kuna wanaonijibu, "Lakini fulani alirudishiwa." Inawezekana. Alirudishiwa na mtu aliyejaza fomu ya bure kwa niaba yake akamtoza laki mbili. Fikiria na hili: tangu 2011 Facebook, ambayo leo ndiyo Meta, ina utaratibu wa kuwalipa watafiti wanaogundua udhaifu kwenye mifumo yake na kuutolea taarifa, na kwa udhaifu mkubwa malipo hufika maelfu ya dola. Mtu anayeweza kweli kuvunja ulinzi wa Instagram hahangaiki kukuomba 80,000 ya kuanzia na 120,000 ya kumalizia. Zile skrinshoti anazokutumia kuonyesha "nimeshaingia" hutengenezwa kwa programu ya kuhariri picha, kazi ya dakika tano. Tena hata angekuwa na uwezo huo, kuingia kwenye mfumo wa watu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na aliyemtuma naye hawezi kujitoa.

Sasa kazi yako, na mpangilio huu una maana. Anza na barua pepe, Instagram baadaye. Barua pepe ndiyo shina, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba neno jipya la siri la karibu kila akaunti uliyonayo. Bahati yako ni kwamba simu yako bado imo ndani ya hiyo Gmail. Kaa nyumbani, tumia simu hiyo hiyo na intaneti unayotumia siku zote, kwa sababu Google hupima kama kifaa na mahali ni vya kawaida kwako. Ukienda kufanyia kwenye kompyuta ya stationery, unajipunguzia nafasi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama, uombe kubadilisha neno la siri na useme umelisahau. Mara nyingi itakutaka ufungue kufuli ya simu kuthibitisha kwamba ni wewe. Ukimaliza, tazama namba na barua pepe za dharura zilizowekwa humo. Sitashangaa ukikuta namba ya muuza simu. Ifute, weka yako. Na kama mwizi ameshazibadilisha, fanya haraka: Google inaweza kuendelea kukutumia namba za uthibitisho kwenye laini au barua pepe yako ya zamani kwa siku 7 tangu mabadiliko hayo.

Humo humo kwenye Gmail, tafuta ujumbe uliotoka security@mail.instagram.com, na usisahau folda ya taka. Mwizi anapobadilisha barua pepe ya akaunti, Instagram huipa taarifa anwani ya zamani, na ndani yake huwa na linki ya kutengua badiliko hilo. Soma anwani ya mtumaji herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli nao hutuma za kufanana. Linki ikigoma, andika mwenyewe instagram.com/hacked kwenye kivinjari na ufuate maelekezo. Hapo ndipo kuna jambo moja kwa ninyi wenye biashara: Instagram inaweza kukutaka ujirekodi video ya uso, ugeuze kichwa kushoto na kulia, ilinganishe na picha zilizo kwenye akaunti. Kama ukurasa wako ni vitenge na midoli ya dukani tu, hakuna cha kulinganisha. Watakuuliza badala yake barua pepe au namba uliyofungulia akaunti na aina ya simu uliyotumia siku ile. Kumbuka vizuri kabla ya kujibu. Wakikataa mara ya kwanza, omba tena. Inaweza kuchukua siku kadhaa, na katika siku hizo ndipo watu wengi hukata tamaa wakarudi kwa "mafundi". Vumilia.

Ukishaingia, toa vifaa vyote usivyovijua, futa namba na barua pepe za mwizi, halafu kagua uthibitishaji wa hatua mbili, yaani ule ulinzi unaodai namba ya ziada baada ya neno la siri. Mara nyingi mwizi huwa ameuwasha kwa simu yake ili akufungie nje. Uzime, uwashe wa kwako, kwa programu ya kuthibitisha kama Google Authenticator. Hiyo hutoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, hata bila mtandao. Ni bora kuliko kusubiri meseji, kwa sababu meseji humfuata mwenye laini. Zile namba za akiba utakazopewa, za kuingilia siku simu haipo, ziandike kwenye karatasi, uweke pamoja na kitambulisho chako.

Na meseji ile iliyokuponza: rafiki yako hakukuandikia wewe. Akaunti yake ilikuwa imeshachukuliwa, na mwizi akawa anapita kwenye orodha ya marafiki zake. Linki uliyoipiga skrinshoti ilikuwa ya kuingilia kwenye akaunti yako, ambayo mwizi aliiomba kwa jina lako. Hakuna ulinzi uliovunjwa hapo, funguo ilitoka mkononi mwako. Sikusemi. Tumeshajifunza kupuuza "ile hela tuma kwenye namba hii", lakini ombi likija kwa jina la mtu unayempenda, mkono hukimbia kuliko akili. WhatsApp ni hivyo hivyo: zile tarakimu sita zikiingia hujaziomba, ujue kuna mtu anajaribu kusajili namba yako kwenye simu yake, awe amejitambulisha kama kiongozi wa kikundi cha kanisa au msimamizi wa kikoba chenu.

Kinachonichosha zaidi ni jinsi tunavyogawa funguo kwa mafundi bila kufikiri. Mtu ananunua simu Mtaa wa Aggrey, muuzaji anamfungulia Gmail kwa neno la siri analompa kila mteja, na mnunuzi anaondoka akishukuru. Nimeshaletewa simu ya mzee mmoja ikiwa na karatasi imebandikwa nyuma, fundi kachora patani ya kufungulia, na mzee ameizungusha mjini hivyo miezi mitatu. Patani hiyo hiyo ndiyo ingefungua barua pepe yake, kama nilivyokueleza hapo juu. Simu ikienda kwa fundi, badilisha patani siku inayorudi. Barua pepe fungua mwenyewe, hata ikikuchukua saa nzima na mtoto wa jirani akikusaidia kusoma. Neno la siri liandike wewe, si yeye.

Laini nazo. Yule wakala wa barabarani anayesema "alama haijasoma, weka kidole tena" anaweza kuwa anasajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ukaifute. Na kama una akaunti bado imefungwa kwenye laini uliyoitupa zamani, itoe, maana laini isiyotumika hufungwa na baadaye namba ile huuzwa kwa mtu mwingine, na meseji zako zitamfuata yeye.

Leo hii, kabla ya yote, waambie wateja wako kwa WhatsApp na kwa simu kwamba ukurasa si wako kwa sasa. Nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa yako iliyoandikwa kituoni, kwa sababu hela za wateja zimetumwa kupitia jina lako, na wale wawili waende nayo kwenye mtandao uliopokea fedha. Yule kijana atakupigia sana, kwanza kwa upole, kisha kwa vitisho kwamba ataufuta ukurasa. Usimjibu, zuia namba yake, lakini mazungumzo yenu usiyafute, na meseji ya muamala wa ile 80,000 itunze. Polisi watavihitaji vyote viwili.