Wembe wa kukunja: maswali yenu ya vibao, pini na ile kabari

Wiki hii najibu ya wembe wa kukunja tu, ule wa wazee unaojificha katikati ya vibao viwili vya mpini, maana yamerundikana na mengine yanafanana.

Shikamoo fundi. Nina wembe wa marehemu babu, chuma kimeandikwa Solingen (mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe), mpini umepasuka. Nautoaje bila kuharibu chuma?

Marahaba. Kwanza zungushia makali selotepu nyingi, usijione mjanja, mimi nina kovu la kidole gumba kwa kazi hii hii. Halafu usipige pini na nyundo zikiwa na vichwa vyake, utapasua na kile kibao kizima. Chukua tupa ndogo, saga kichwa cha pini upande mmoja mpaka kile kiwasha, yaani kiduara kidogo chenye tundu kilicho chini ya kichwa cha pini, kidondoke chenyewe, ndo uisukume na panchi au msumari uliokatwa ncha, chini umewekea kipande cha mbao chenye tundu. Na unuse huo mpini, ukisikia harufu kama ya kafuri hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani, ikianza kuoza inatoa mvuke unaoshika chuma kutu. Usiipashe moto kabisa, inawaka vibaya sana.

Sina mashine hata moja. Inawezekana?

Inawezekana mkuu. Msumeno wa chuma, tupa moja bapa na moja ya mviringo, misasa kuanzia 120 mpaka 1000, biti ya milimita 1.6 hata ya kuzungusha kwa mkono, na nyundo ndogo. Ila anza na boksi la viatu, sitanii, chora kibao kwenye boksi, kata viwili, choma pini ya kushonea pale tundu la wembe lilipo, ufunge na kufungua uone ncha inaishia wapi, kama inagonga mahali itakapokaa kabari, kile kipande kinachobanwa katikati ya vibao upande wa nyuma, basi ongeza urefu sasa hivi, sio baada ya kumaliza mpingo wa watu.

Vibao vyako vya kweli vibandike pamoja na tepu ya pande mbili, uvikate, uvitoboe na kuvisaga kama kitu kimoja. Unene mi naacha kama milimita 3 kila kimoja.

Mbao gani nzuri? Mpingo au pembe ya ng'ombe?

Mpingo kwa anayeanza. Makombo unapata kwa wachonga vinyago, kwa Dar nenda Mwenge ukaongee nao vizuri, kipande cha urefu wa kiganja kinatosha. Ukitilia shaka kitumbukize kwenye ndoo ya maji, mpingo wa ndani ule mweusi unazama, mti mwingine uliopakwa kiwi unaelea na maji yanabadilika rangi, nimeshauziwa huo. Vaa barakoa ukisaga, vumbi lake linawasha. Pembe nzuri pia ila inataka subira, unaichemsha ilainike unaibana kwenye jiliwa ipoe ikiwa imenyooka, na ya kwangu ya kwanza ilinyooka vizuri, baada ya wiki tatu ikarudi kujikunja kama ilivyokuwa kichwani kwa ng'ombe. Na ukiisaga haraka ikapata moto nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua.

Pembe ya ndovu aliyoacha mzee je?

Hapana. Kuwa nayo bila kibali ni kesi tayari.

Nimemaliza wangu, unapendeza, ila nikifunga wembe unalala upande mmoja unakwaruza kibao. Shida nini?

Kaka, shida ni kabari, na nimeona picha yako, umeweka kipande bapa cha plaiwudi. Wengi mnaiona kama kijazio tu cha nyuma wakati hiyo ndo roho ya mpini. Kabari inatakiwa iwe nene upande unaotazama wembe na nyembamba upande wa mwisho, mi naanza na milimita 2.5 nashuka mpaka kama 1. Ukibana pini ya nyuma, ule mteremko unavisukuma vibao vitanuke kwa nje kidogo kama mtumbwi, halafu pini ya mbele, ile inayoshika wembe, inavirudisha, hapo ndo wembe unapata nafasi katikati na ule ugumu kidogo wa kufungua usiolegea. Kabari bapa haikupi hayo, vibao vinalala tu. Sasa ukishakata nyingine, weka msasa juu ya kioo uisugue polepole, upime kingo ya juu na ya chini, zikipishana hata unene wa karatasi wembe unaegemea. Ukiwa bado unaegemea angalia kama kibao kimoja ni chembamba kuliko mwenzake, au tundu lilitobolewa kimshazari.

Nikiriveti mbao inapasuka dada, nifanyeje?

Unapiga kwa hasira. Pini ni kijiti cha shaba cha milimita 1.6, wachomeleaji wa gesi wanavyo, chukua kisichopakwa unga. Ivishe kiwasha, kata uache kama nusu milimita tu juu yake, ukiacha ndefu inapinda ndani ya tundu na kupasua. Weka chini kwenye chuma, gonga pembezoni mwa pini ukizunguka, vipigo vidogo vidogo mpaka hamsini huko, unageuza upande wa pili, unarudi. Kila baada ya muda fungua na kufunga wembe usikie. Ukianza kukaza, acha hapo hapo.