Ulizeni Tuwajibu: Dagaa wanapomshinda papa mezani

Barua za mwezi huu kutoka Tanga na jirani zake zimegongana mlango mmoja. Karibu zote zinauliza juu ya maadui wadogo katika michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo kila mchezaji humwendesha shujaa wake na mwendesha mchezo huwaendesha maadui: goblini, koboldi, viunzi vya mifupa na wenzao. Wakiwa wachache hawatishi, wakiwa wengi usiku unakwisha. Hapa tutawaita dagaa, na mkubwa wao papa. Namba tunazotaja ni za Dungeons & Dragons toleo la tano, la mwaka 2014, isipokuwa pale tutakaposema vingine.

Wachezaji wangu wanne wa leveli ya 3 walikutana na goblini 12. Tulianza baada ya Isha, na ilipofika saa sita usiku goblini watano walikuwa bado wazima na mchezaji mmoja amelala kwenye mkeka. Nikiwapunguza, pambano linapoa. Nifanyeje?
*Msimulizi, Barabara ya 9, Ngamiani*

Usiwapunguze goblini. Punguza kazi anayokupa kila mmoja wao. Kwa kanuni za kitabuni, kila raundi goblini mmoja anakudai umsogeze, umrushie dadu ya shambulio, akipata urushe dadu ya madhara, kisha akipigwa ufute uhai wake wa zamani na kuandika mpya. Tuseme yote hayo ni nusu dakika. Kwa goblini 12 ni dakika 6, na wachezaji wako wamekaa kimya wakikutazama unavyojumlisha.

Anza na madhara. Panga la goblini ni dadu ya pande 6 ukiongeza 2, wastani wake 5. Kila akipata, ni 5, basi. Hakuna dadu ya pili.

Halafu uhai. Goblini ana 7. Usiuandike popote. Weka kanuni hii: pigo moja la 7 au zaidi linamuua, pigo la chini ya 7 linamjeruhi, pigo la pili, hata likiwa la 1, linamuua. Vizibo vya soda vinatosha kabisa kwa kazi hii. Kizibo kilichosimama kwa meno yake ni mzima, kilichopinduliwa ni majeruhi, kilichoondolewa mezani ni maiti. Kila mtu anaona hali ya vita bila kukuuliza.

Kuna watakaolalamika kwamba unawapendelea mashujaa. Wapigie hesabu. Mpiganaji mwenye upanga wa dadu ya pande 8 ukiongeza 3 anatoa kati ya 4 na 11. Nafasi ya kufikisha 7 kwa pigo moja ni 5 kati ya 8. Mapigo yake mawili yakiwa madogo kabisa yanafika 8, kwa hiyo goblini angekufa hata kwa kanuni za kitabuni. Hujampa kitu. Anayefaidika kidogo ni mchawi wa moto, ambaye dadu yake ya pande 10 haina nyongeza na inaweza kutoa 1 mara mbili. Hiyo ni zawadi ndogo, mwachieni.

Mwisho, wasogeze kwa vikundi vya wanne na vikundi vyote vicheze zamu moja. Lakini usirushe dadu moja ya shambulio kwa kikundi kizima, ingawa mkono utakuwasha kufanya hivyo. Dhidi ya kinga ya 16, yaani jumla ambayo dadu ya pande 20 na nyongeza lazima zifikie ili shambulio lipate, goblini mwenye nyongeza ya 4 anahitaji kurusha 12 au zaidi, yaani nafasi 45 katika 100. Ukirusha dadu moja kwa wanne, ama wote wanakosa, ama wote wanapata na shujaa anameza madhara 20 kwa mkupuo. Shujaa wa leveli ya 2 anaweza kwenda chini hapo hapo bila kosa lake. Rusha dadu mbili, kila moja ikiwakilisha wawili.

Nimesoma kwamba dagaa wapewe uhai 1 tu. Nilipojaribu, mchawi wetu aliwafagia wote kwa tendo moja na wengine wakakosa kazi. Kanuni ni mbovu au mimi?
*Mama wa Dadu, Chumbageni*

Umesoma nusu ya kanuni. Uhai 1 ulikuja na toleo la nne la mwaka 2008, na ulikuja na kinga yake: shambulio lililokosa halimdhuru dagaa hata kidogo. Siku hizi uchawi mwingi wa eneo unatoa nusu ya madhara hata kwa aliyejinusuru, yaani aliyefaulu kukwepa kwa dadu, na nusu ya chochote inamuua mwenye uhai 1. Basi rudisha kipande kilichopotea: dagaa akifaulu dadu ya kujinusuru, hapati kitu. Katika toleo lile lile dagaa wanne walihesabiwa sawa na adui mmoja wa kawaida, na madhara yao yalikuwa namba moja isiyobadilika. Ukichukua uhai 1 ukaacha hayo mengine, umenunua kanzu bila mikono.

Hata hivyo, kwa toleo la tano tunapendelea mapigo mawili tuliyoeleza juu. Uhai 1 unafuta tofauti kati ya kisu na shoka, na mwenye shoka, hilo halimfurahishi.

Tufe la moto, uchawi wa eneo wa mchawi, ni jambo jingine. Linatoa dadu 8 za pande 6, wastani 28, katika mzunguko wa nusu-kipenyo futi 20. Goblini wengi wataungua kwa kanuni yoyote, acha waungue, mchawi amelipia. Wewe panga dagaa wako kwa mawimbi, wanne mezani, wanne wanaingia raundi ya 2, wanne raundi ya 4. Na chagua mahali. Mapango ya Amboni yako karibu na mji, yaendeeni siku moja na daftari: njia nyembamba za mawe ya chokaa, mahali pengine lazima uiname, ghafla ukumbi mpana wenye popo juu. Hakuna ramani ya kununua itakayokufundisha vizuri zaidi kwa nini dagaa kumi hawawezi kusimama ndani ya tufe moja.

Mashujaa wanne wa leveli ya 1, koboldi 20. Raundi mbili tu, mashujaa wote chini. Si mnasema koboldi ndio wanyonge kupita wote?
*Tumeisha, Pangani*

Koboldi mmoja ni mnyonge: uhai 5, kinga 12. Koboldi wawili ni habari nyingine, kwa sababu mwenzake akiwa karibu na shujaa anayeshambuliwa, koboldi hurusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Dhidi ya kinga ya 16, nafasi yake inaruka kutoka 45 hadi karibu 70 katika 100. Shujaa mmoja kwenye ramani ya miraba anaweza kuzungukwa na 8. Nane mara 0.7 mara wastani wa madhara 4 ni zaidi ya 22 kwa raundi, na shujaa wa leveli ya 1 ana uhai wa 8 hadi 12 hivi. Tunashangaa mlifika raundi ya pili.

Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kina jedwali la makundi linaloondoa dadu kabisa. Tafuta namba ambayo dagaa anahitaji kurusha ili apate. Ikiwa ni 1 hadi 5, kila mshambuliaji mmoja anapata. 6 hadi 12, katika kila wawili anapata mmoja. 13 au 14, mmoja katika watatu. 15 au 16, katika wanne. 17 au 18, katika watano. 19, katika kumi. 20, katika ishirini. Ni jepesi, lakini lina upofu wake: anayehitaji 6 na anayehitaji 12 wamewekwa kapu moja, ingawa wa kwanza kwa kweli anapata mara 75 katika 100 na wa pili 45. Anayenufaika ni shujaa mwenye kinga duni. Ile mbinu ya koboldi nayo inafifia: hata ukiihesabu kama nyongeza ya 5, namba inashuka kutoka 12 hadi 7, na bado ni mmoja katika wawili.

Hata kwa jedwali, koboldi 8 ni mapigo 4, madhara 16. Kwa leveli ya 1 bado ni mauti. Ongeza kanuni mbili za nyumbani: wasizidi dagaa wanne kumshambulia shujaa mmoja kwa raundi, na madhara yao yawe 2 badala ya 4 hadi mashujaa wafike leveli ya 3. Waliobaki wape shughuli: kurusha vyungu, kuvuta wavu, kuzima mienge.

Viunzi vya mifupa na zombi nao waingie kanuni ya mapigo mawili?
*Mzee wa Mizimu, Muheza*

Viunzi, ndiyo, kwa shingo upande. Kiunzi kina uhai 13, na upanga wetu wa 4 hadi 11 haufiki hapo kwa pigo la kawaida. Mapigo mawili ya kitabuni yangemuua mara 77 katika 100, wewe unampa shujaa 100. Ukiona ni ukarimu mno, tumia kapu la pamoja: viunzi 5 ni uhai 65 kwenye mstari mmoja wa daftari, na kila madhara yakijumlika 13, mmoja anaanguka. Uchawi wa eneo uzidishe kwa idadi ya walioguswa. Moto wa 6 kwa viunzi wanne ni 24 kutoka kapuni. Ila usichanganye kapu na mapigo mawili katika pambano moja. Utasahau nani yuko wapi.

Zombi, hapana. Uhai wake ni 22, na akiishiwa ana nafasi ya kurusha dadu na kubaki amesimama na 1. Zombi anayekufa upesi si zombi tena, ni mtu mwenye usingizi.

Goblini wangu hupigana hadi wa mwisho, na dakika 20 za mwisho ni kuchinja tu. Wakikimbia, wachezaji wanalalamika wamenyimwa alama za kupanda leveli.
*Mshika Ramani, Raskazone*

Wape alama kamili. Adui aliyekimbia ameshindwa, na malalamiko yataisha siku hiyo hiyo.

Kuhusu kukimbia, kanuni za mchezo huu za mwaka 1981 zilikuwa na kipimo cha ujasiri ambacho bado hakijapata mpinzani kwa wepesi. Kila aina ya adui ina namba kati ya 2 na 12. Rusha dadu mbili za pande 6 mara mbili tu katika pambano: anapokufa wa kwanza, na nusu yao wanapokuwa chini. Jumla ikizidi namba yao, wanavunjika. Koboldi ni 6, goblini 7, viunzi 12, yaani viunzi hawakimbii kamwe. Goblini wakiwa na mfalme wao hupanda hadi 9, na hapo ndipo utamu ulipo: nafasi ya kuvunjika inashuka kutoka 42 hadi 17 katika 100. Wachezaji wakishaona hivyo mara moja, watamtafuta papa kwanza badala ya kufyeka dagaa.

Amua mapema wanakimbilia wapi. Kwenye pango lisilo na mlango wa pili watasalimu amri, nawe utakuwa na mateka saba wanaohitaji majina, chakula na ulinzi. Mezani hilo ni zito kuliko vita.

Wachezaji wanawatambua dagaa mara moja na kuwapita kumwendea papa. Niwafiche?
*Fundi Ludo, Korogwe*

Usifiche. Mtu akitumia uchawi wake wa mara moja kwa siku kumuua asiyestahili, atakudai. Sema wazi: wasio na ngao ni dagaa. Kisha uwape kazi inayouma wakiachwa. Goblini mmoja anakimbilia pembe. Akiachwa raundi 3 anapiga mbiu ya mgambo na wenzake wanne wanaingia. Wawili wanakata kamba za daraja, kila kamba mapigo 2. Tuone nani atawapita.

Dadu ya pande 20 siipati hapa mjini. Nitumie nini?
*Barabara ya 14, Ngamiani*

Dadu tatu za ludo, za rangi tofauti. Ya kwanza isome 1 hadi 5, ikitoka 6 irushe tena. Ya pili ikiwa shufwa ongeza 5. Ya tatu ikiwa shufwa ongeza 10. Namba zote 1 hadi 20 zina nafasi sawa. Vikaratasi 20 ndani ya kopo navyo vinafaa, mradi kila kilichochomolewa kirudi na kopo litikiswe; kikibaki nje, aliyetoa 20 amewanyima wenzake wote.