Kumwambukiza panya malaria ili kupima dawa ya mitishamba: je, ni dhulma?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Ninasomea famasia. Utafiti wangu ni kupima dondoo la majani ya mti unaotumiwa kutibu homa, nikiwapa panya walioambukizwa malaria. Kundi moja halitapewa dawa, na mwishowe panya wote watauawa. Moyo wangu hautulii, hasa kwa hao wasiotibiwa. Je, ninapata dhambi? Na nini hukumu ya ethanoli (pombe ya maabara) ninayoitumia na damu inayonirukia?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kazi hiyo inajuzu, kwa masharti, na masharti yenyewe yamo ndani ya namna unavyolipanga jaribio.

Mtume (s.a.w.) amesema kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa (Bukhari). Kuitafuta dawa ni katika kuhifadhi nafsi. Lakini pia ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Ukizikusanya Hadithi hizi utaona kuwa maumivu ya mnyama yanaruhusiwa pale tu yanapoleta manufaa ya kweli yasiyopatikana kwa njia nyepesi zaidi. Wapo wanaosema panya ni katika wanyama watano wanaouawa hata na aliyehirimia kwa Hija au Umra, basi hana heshima. Hilo ni kosa. Ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume amesema Mwenyezi Mungu ameandika ihsani (kutenda kwa wema) katika kila kitu, hata katika kuua (Muslim).

Kwa hiyo jaribio lililopangwa vibaya ndilo dhulma, kwa sababu panya ameumia na jibu halikupatikana.

Anzia kwenye mmea. Mtaalamu wa mimea autambue na sampuli ihifadhiwe, kwani jina la kienyeji huweza kubeba miti miwili. Majani yakaushwe kivulini, yasagwe, yalowekwe kwenye ethanoli ya asilimia 70 au 80 kwa saa 72, yachujwe, kisha ethanoli iondolewe kwa joto la chini, nyuzi 40 hivi. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyetafuta dawa ya malaria, alifanikiwa na mmea wa Artemisia annua mwaka 1971 alipoacha joto kali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Moto ulikuwa ukiiharibu dawa yenyewe. Ethanoli ikibaki kwenye dondoo, panya atalegea kwa pombe nawe utaandika kuwa mmea una sumu.

Kabla ya kumgusa mnyama, pima dondoo kwa vimelea vilivyooteshwa kwenye chombo. Kuiruka hatua hii ni kumwaga damu bila haja. Kisha pima sumu: panya mmoja apewe miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito. Akiwa hai baada ya saa 48, wafuate wengine wanne mmoja baada ya mwingine, wakiangaliwa siku 14. Utaratibu huu unaokoa roho nyingi kuliko ule wa zamani wa kutafuta kipimo kinachoua nusu ya wanyama.

Sasa kundi linalokusumbua. Katika jaribio la siku 4, kila panya huchomwa tumboni mililita 0.2 zenye chembe nyekundu milioni 10 zilizobeba Plasmodium berghei, kimelea kisichomwambukiza binadamu. Dawa huanza saa chache baadaye, mara moja kwa siku kwa siku 4. Siku inayofuata damu ya mkiani hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi ya Giemsa na kuhesabiwa. Ikiwa wasiotibiwa wana vimelea asilimia 20 na waliopewa dondoo wana 8, dondoo limezuia asilimia 60. Bila ile 20, hiyo 8 haina maana yoyote, na panya wote wa makundi mengine wameumia bure. Kundi hilo basi ni la lazima, ila nao wapewe kile kimiminika kitupu kilichoyeyushia dondoo, kwa ujazo uleule. Liwepo pia kundi la klorokwini, dawa ya malaria inayojulikana, la kulinganishia. Panya watano kwa kundi hutosha mara nyingi. Mwanatakwimu akuhesabie kabla, kwani wachache mno ni dhulma sawa na wengi mno.

Nisichokikubali ni kuwaacha wasiotibiwa wafe wenyewe ili uhesabu siku walizoishi. Weka mpaka mapema: aliyepungua asilimia 20 ya uzito, aliyepoa mwili au asiyeweza kufikia maji, aondolewe siku hiyohiyo kwa dawa ya usingizi iliyozidishwa. Na kumpitishia dawa mdomoni kwa sindano butu hadi tumboni kunahitaji mkono uliofundishwa. Ikiingia njia ya hewa, anakufa kwa kuzama, si kwa malaria. Hadithi inasema anayejifanya tabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana. Kwa mlinganisho, nasema hivyohivyo kwa asiyejua kuishika sindano hiyo.

Tena, matokeo mabaya yaandike kama yalivyo. Kuyaficha ni ghushi, na mwingine atarudia kuua panya kwa mti uleule. Matokeo mazuri nayo hayakupi ruhusa ya kumnywesha mgonjwa. Panya si binadamu.

Ethanoli ya maabara inajuzu kutumiwa kuchuja dawa. Kwa wanaoiona kuwa najisi, ikikugusa osha. Damu ya panya ni najisi: vaa koti na glavu, vivue kabla ya Swala, na osha palipoingia. Panya mwenyewe akiwa hai ni twahara, kumshika hakutengui udhu. Mizoga ichomwe kwenye tanuri la maabara. Kuichoma huko kunajuzu kwa haja ya kuzuia maradhi.

Wallahu a'alam.