Green card haina kura

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika kwenye grupu la familia: eti Marekani ukishapata green card unapiga kura, na mimi sipigi kwa sababu nimeshiba dola. Imeniuma, nakujibu hapahapa wote wasome.

Green card ni kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, si uraia; haimchagui rais wala mbunge. Nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva, karani aliniuliza, macho yake kwenye kompyuta, kama aniandikishe kupiga kura. Sheria ya 1993 inamtaka aulize. Ukijibu ndiyo ukidhani ni haki yako, umejimaliza: fomu ya uraia inauliza kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura, na kwa kosa hilo mtu anaweza kufukuzwa nchini. Ukija, sema hapana. Usione aibu.

Na wenyeji nao hawakuipata bure. Katiba iliwapa wanaume weusi kura tangu 1870, lakini majimbo ya Kusini yakawawekea kodi ya kura na mitihani ya kusoma. Mwaka 1962 Fannie Lou Hamer, mama wa mashamba ya pamba Mississippi, alikwenda kujiandikisha. Siku hiyohiyo akafukuzwa shambani alikofanya kazi miaka 18. Machi 1965 waandamanaji waliodai kura walipigwa virungu darajani Selma, jimbo la Alabama, na Agosti ikapita sheria ya kulinda haki yao ya kupiga kura. Kabla yake, Mississippi weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila 100. Kufikia 1967 walikaribia 60. Halafu 2013 Mahakama ya Juu ikaing'oa meno sheria hiyo.

Utasema, si uombe uraia? Nikiapa huku, Tanzania inanifuta. Hatuna uraia pacha, wenzetu Wakenya wanao tangu 2010. Nikibaki Mtanzania, siwezi kupiga kura ya nyumbani nikiwa huku. Kodi nakatwa kila mshahara, ada ya wanao natuma, sanduku la kura sina popote. Baridi nimeizoea, hili sijalizoea.

Wewe kadi ya mpigakura unayo, iko kabatini. Itoe.

Usiwe na haraka ya kuja. Lakini ukipata chuo, njoo, nitakupokea uwanjani. Na ukija kuwa raia wa huku, usikose hata uchaguzi wa bodi ya shule, maana kuna waliopigwa kwa ajili ya hiyo karatasi.

Mama asiwe na wasiwasi: fomu ya uraia sijaituma, na kabla ya kuituma nitawaambia.