Hifadhi ya taifa haina geti, kondoo ndani, watu ndani: inaendeshwaje?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu anasoma Plymouth, Uingereza, wikiendi wanaenda sehemu inaitwa Dartmoor na anasema ni hifadhi ya taifa. Sasa picha anazotuma mi naona nyumba, kanisa, kondoo wamelala barabarani na farasi wafupi wafupi, halafu eti hakuna geti wala kiingilio. Hifadhi gani hiyo? Mwenyewe nani? Na watu wanafuata nini huko kama hata simba hakuna? (Mama wawili, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba dada. Mdogo wako anasema kweli kabisa. Sisi tukisikia hifadhi ya taifa akili inaenda Ruaha au Serengeti moja kwa moja, ardhi ya umma, TANAPA ndio wasimamizi, unalipia getini, na ndani huruhusiwi kujenga wala kulima. Wenzetu walichukua njia nyingine. Na cha kushangaza Dartmoor ilitangazwa 1951, mwaka uleule wa Serengeti, ila Serengeti Wamaasai walihamishiwa upande wa Ngorongoro mwaka 1959, na Dartmoor watu waliachwa palepale. Leo wanaishi humo watu kama 34,000 ndani ya kilomita za mraba 954, wana shule, maduka, baa, mashamba, na pale Princetown kuna gereza la tangu 1809.

Mwenyewe nani? Wengi. Sehemu kubwa ni ya watu binafsi. Mmiliki mkubwa kuliko wote ni Duchy of Cornwall, yaani ile milki ambayo hupewa mtoto mkubwa wa kiume wa mfalme akiwa mrithi wa kiti, sasa hivi ni Prince William. Jeshi nalo lina maeneo yake upande wa kaskazini, wanafanya mazoezi ya risasi za moto, na siku wakipiga wanapandisha bendera nyekundu kwenye vilima, usiku wanawasha taa nyekundu, wewe mtembeaji ukiona hivyo unageuza.

Sasa juu ya wote hao kuna mamlaka ya hifadhi, ambayo kwa mfumo wa sasa ilianza kazi 1997 baada ya sheria ya mazingira ya 1995. Wajumbe wake ni madiwani wa halmashauri zinazoizunguka, wawakilishi wa vijiji na wengine wanaoteuliwa na waziri. Ardhi wanayomiliki wenyewe ni kidogo sana. Nguvu yao iko kwenye kibali cha ujenzi, yaani ukitaka kujenga nyumba mpya au kugeuza zizi la babu yako liwe gesti, faili lako linapita mezani kwao na wanaweza kukukatalia. Sheria imewapa kazi mbili, kulinda uzuri wa mahali pamoja na viumbe na mambo ya kale, halafu kuwawezesha watu wapafurahie na kupaelewa. Na zikigongana hizo mbili, ulinzi unatangulia. Pia wanatakiwa waangalie maisha ya wenyeji wanapofanya kazi hizo. Hapo ndipo mi napapenda, kwamba imeandikwa wazi kipi kinashinda, sio mpaka msubiri kiongozi mpya aje na mtazamo wake. Ila sio pepo, nyumba zina bei ya juu, vijana waliozaliwa pale wanashindwa kununua, na ruzuku ya serikali kwa miaka mingi haijaenda na kupanda kwa gharama.

Sasa watu wanafuata nini. Dada, wanafuata kutembea. Ni nyanda za baridi zisizo na miti mingi, nyasi ndefu na vichaka vifupi, chini ardhi nyeusi ya mboji iliyoshiba maji, ukikanyaga vibaya buti linazama. Juu ya vilima kuna miamba ya itale, zaidi ya 160, imepangana kama yale mawe tuliyoyazoea hapa Dodoma. Kilele kirefu, High Willhays, kina mita 621 tu, wakati mji wetu wenyewe uko zaidi ya mita 1,000, kwa hiyo wewe hapo Nkuhungu uko juu kuliko mlima wao. Kinachotesa kule ni ukungu na mvua, sio urefu.

Mwambie mdogo wako aende Haytor aangalie ile reli ya 1820. Vyuma hamna, njia zenyewe za magurudumu zimechongwa kwenye mawe, na mawe ya machimbo yale yalisafirishwa kujengea daraja la London lililofunguliwa 1831. Halafu kuna mchezo wa makopo ulioanzishwa 1854 na muongozaji mmoja wa watalii, James Perrott, pale Cranmere Pool, aliacha chupa ili wanaofika waweke kadi zao. Leo makopo yamefichwa chini ya mawe karibu hifadhi nzima, ukilipata ndani unakuta daftari na muhuri wa mpira, unagonga muhuri ule kwenye daftari lako na wa kwako unaugonga kwenye lao, unafunika, unarudisha palepale. Watu wazima wanafanya hivyo miaka na miaka, na hakuna tembo hata mmoja aliyehitajika.

Akitaka kulala nje na hema dogo anaruhusiwa, na hilo lilipiganiwa mahakamani. Sheria ya 1985 iliwapa watu haki ya kutembea kwenye maeneo ya malisho ya pamoja, mmiliki mmoja wa ardhi akadai kulala hakumo, Januari 2023 akashinda, Julai mwaka huohuo rufaa ikampindua, na Mei 2025 mahakama ya juu kabisa ikasema kulala kumo. Ila aangalie ramani ya mamlaka kwanza maana sio kila sehemu, na alale siku moja au mbili aondoke bila kuacha takataka.

SWALI: Mhariri mi mfugaji, Kondoa. Huku ng'ombe akiingia hifadhini ni kesi. Nimesikia Ulaya wanachunga ndani. Ni kweli au ni maneno ya vijiweni? (Mfugaji)

JIBU: Ni kweli kaka, ila usidhani kila mtu anaingiza anavyotaka. Kwa Dartmoor haki ya kuchunga inaambatana na mashamba ya pale tangu enzi, na wenye haki hizo wana baraza lao lililoundwa na sheria hiyohiyo ya 1985, linapanga kanuni za mifugo. Hata wale farasi wafupi wana wenyewe, hakuna wa porini kabisa.

Na ugomvi upo, tena mkubwa. Wataalamu wa mazingira wa serikali walitaka mifugo ipunguzwe hasa kipindi cha baridi, wafugaji wakaja juu, ikabidi serikali iunde timu huru chini ya David Fursdon, ripoti ikatoka Desemba 2023. Kilichoonekana ni kwamba shida sio idadi peke yake, ni mnyama gani, wapi na msimu gani, maana kuna nyasi ngumu inaitwa molinia imetawala, kondoo wanaikwepa wakati ng'ombe na farasi wanaila ikiwa changa. Mi naona hiyo ndiyo hoja ya kubeba mkienda kwenye vikao. Kwa sheria yetu hifadhi ya taifa hairuhusu mifugo, na kwa wanyama tulionao, nyumbu na simba na magonjwa yanayohama kati yao na ng'ombe, siwezi kukwambia tuige tu. Lakini mfugaji kuwa na kiti kwenye meza inayopanga kanuni, hilo halihitaji baridi ya Ulaya.

SWALI: Nauli ya Uingereza sina. Sehemu kama hiyo hapa Tanzania iko wapi? (Mpwapwa)

JIBU: Kitulo! Yaani nenda. Ilitangazwa 2005, iko uwanda wa juu kati ya Makete na Mbeya, zaidi ya kilomita za mraba 400, kwenye mita kama 2,600, wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilianzishwa hasa kwa ajili ya mimea, kuna okidi za aina zaidi ya 40, ambazo viazi vyake vilikuwa vinachimbwa na kuuzwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha kule kinachopikwa kwa viazi hivyo, mpaka zikaanza kuisha. Unatembea kwa miguu, na maua yanakuwa mengi Desemba mpaka Aprili. Geti lipo na kiingilio kipo, ila Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni.

Toka Dodoma pita Mtera, Iringa, Makambako mpaka Chimala, pale unapanda kwenda Matamba kwa ile barabara ya kona hamsini na saba. Wakati wa maua ndio wakati wa mvua pia, kwa hiyo tafuta gari la juu, beba sweta mbili na koti la mvua, na uanze kupanda mapema asubuhi.