Wasomaji Wanauliza: Masikio ya Babu na Miaka ya Jaja

Mwezi huu tuliomba maswali kuhusu uzee, tukatoa onyo kwamba presha, sukari na magoti hatutayagusa, kwa kuwa hayo yana madaktari wake. Baada ya kuyaondoa hayo vilibaki vioja, na vioja ndivyo tulivyovitaka.

Babu yetu hapa Bombo ana masikio makubwa kuliko yale tunayoyaona katika picha yake ya arusi. Baadhi ya wajukuu wanasema masikio yamekua, wengine wanashikilia kwamba ni uso uliokonda. Mzee Mhariri, tuamulie.

Wanaosema masikio yamekua wameshinda, ingawa wenzao hawakukosea kabisa. Mwaka 1995 daktari mmoja wa Uingereza, James Heathcote, alichapisha matokeo ya uchunguzi ambao yeye na wenzake waliufanya kwa kuwapima masikio wagonjwa 206 wenye umri wa miaka 30 na zaidi, akakuta kwamba kwa wastani sikio huongezeka urefu kwa milimita 0.22 kila mwaka. Ni kiasi kidogo ambacho hakuna mke atakayekigundua asubuhi, lakini katika miaka 50 ya ndoa kinafikia milimita 11, yaani zaidi ya sentimita moja, na hiyo inaonekana hata katika picha iliyofifia. Sababu zinazotajwa ni kwamba ngozi hupoteza uwezo wa kujivuta na kurudi mahali pake, gegedu hulegea, na uzito wa ndewe huzidi kuivuta chini mwaka baada ya mwaka. Wakati huohuo kimo cha babu kinapungua, kwa maana vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hunywea na kuwa vyembamba, kwa hiyo mzee huyo anapungua na kuongezeka kwa pamoja, jambo ambalo vijana wenye nguvu zao hawaliwezi.

Mnamo 2017 Heathcote alitunukiwa Ig Nobel, tuzo inayotolewa kwa utafiti ambao kwanza humchekesha mtu na baadaye humfanya afikiri. Kwa kipimo hicho chake cha milimita 0.22 kwa mwaka, katika miaka 22 aliyoingoja tuzo hiyo, masikio yake yalikuwa yamerefuka kwa karibu milimita tano.

Mimi ni mwalimu hapa Mbale, nimekaribia kustaafu. Wanafunzi wangu hucheka ghafla darasani, wakidai kwamba simu ya mmoja wao imelia, nami sisikii chochote. Je, wananidhihaki?

Wanakudhihaki, mama, lakini huenda wanasema kweli. Mwingereza mmoja wa Wales, Howard Stapleton, alibuni chombo kinachotoa mlio mwembamba sana, wa takriban mitetemo 17,400 kwa sekunde, ili wenye maduka waweze kuwafukuza vijana wanaozurura milangoni bila kuwasumbua wateja watu wazima. Mlio huo huwakera vijana, ilhali wengi waliopita miaka 25 hawausikii hata kidogo. Sababu yake ni kwamba ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti. Zile zinazopokea sauti nyembamba kabisa ziko karibu na mlango wa sikio la ndani, ndizo zinazochakaa mapema, na zikishakufa hazioti tena. Stapleton alipata Ig Nobel ya amani mwaka 2006, na kufikia hapo vijana walikwisha kumgeuzia kibao, kwa kuugeuza mlio uleule kuwa mwito wa simu ambao wanafunzi waliusikia darasani huku mwalimu akiendelea kuandika ubaoni.

Dawa ni rahisi. Chagua mwanafunzi mmoja mwaminifu, umwahidi soda, naye akunyoshee kidole kila simu inapolia.

Jaja wetu, yaani bibi mzaa mama, anaishi Jinja. Kitambulisho chake cha taifa kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1950, lakini yeye mwenyewe anasisitiza kwamba alizaliwa "malkia alipokuja kufungua bwawa". Tushike lipi, na tumfanyie sherehe lini?

Swali hili limetufurahisha kuliko yote, maana karibu kila ukoo nchini una mzee wa aina hii, aliyezaliwa wakati ambapo cheti cha kuzaliwa kilikuwa ni kumbukumbu ya mama yake. Tarehe 1 Januari huandikwa pale ambapo siku yenyewe haijulikani, na ndiyo maana usiku wa mwaka mpya wazee wengi mno husherehekea kwa pamoja bila kujuana.

Tumwamini jaja kwanza. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, mnamo Aprili 1954. Basi, kama maneno yake ni sahihi, kitambulisho kimemzeesha kwa miaka minne. Hata hivyo msikimbilie ofisi ya usajili kabla ya kumhoji kwa utaratibu, kwa sababu ujenzi wa bwawa ulichukua miaka kadhaa, na watu wengi hulisema "bwawa" kwa kipindi chote kile cha mashine, vumbi na wageni. Mwulizeni kama katika masimulizi ya mama yake Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa nchini au alikuwa amepelekwa Uingereza. Kabaka huyo, Mutesa wa Pili, aliondolewa na Waingereza mwishoni mwa Novemba 1953, akarejea Oktoba 1955, na watu waliokuwapo hawakusahau kurudi kwake. Ikiwa mama yake alimnyonyesha huku watu wakimlilia Kabaka aliyeko ng'ambo, mwaka 1954 unasimama imara. Ikiwa malkia anatajwa lakini Kabaka hatajwi, ulizeni tena kesho akiwa amekunywa chai.

Kuna jambo moja la kupima kabla ya kusahihisha. Serikali ya Uganda huwapa wazee waliotimiza miaka 80 ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa kitambulisho alicho nacho jaja ataifikia Januari 2030. Kwa bwawa la malkia atasubiri hadi 2034. Hatumshauri mtu adanganye, bali tunasema tu kwamba jaja ana haki ya kujua gharama ya ujana wake kabla ya kuudai.

Asione kwamba ni yeye peke yake. Korea Kusini kwa muda mrefu ilikuwa na desturi ya kumhesabia mtoto mwaka mmoja siku anapozaliwa, kisha kumwongezea mwingine kila tarehe 1 Januari, hata mtoto aliyezaliwa Desemba 31 akawa na miaka miwili kesho yake. Tarehe 28 Juni 2023 sheria mpya ilianza kutumika, ikaagiza umri uhesabiwe kwa siku ya kuzaliwa kama kwingineko, na nchi nzima ikapungua mwaka mmoja au miwili bila mtu kupaka dawa yoyote usoni.

Kuhusu sherehe: mfanyieni Aprili. Januari mna karo.

Jirani yangu hapa Entebbe, mzee wa miaka 85, anataka kuniuzia nyumba yake kwa kumlipa kiasi kidogo kila mwezi hadi atakapofariki, kisha nyumba iwe yangu. Naona kama bahati. Mnasemaje?

Ndugu, kaa chini kwanza. Mwaka 1965, katika mji wa Arles, Ufaransa, mwanasheria André-François Raffray, aliyekuwa na miaka 47, alifanya mapatano kama hayo na Jeanne Calment, mjane wa miaka 90. Alikubali kumlipa faranga 2,500 kila mwezi, naye angeichukua nyumba bibi huyo atakapofariki. Nani asingetia sahihi? Raffray alilipa miaka kumi, akalipa ishirini, akalipa thelathini, na mwishoni mwa 1995 akafariki yeye, akiwa na miaka 77, hajaingia katika nyumba hiyo kama mwenyewe hata siku moja, ilhali fedha alizotoa zilikuwa zimezidi mara mbili ya thamani yake. Familia yake ikaendelea kulipa. Calment alifariki Agosti 1997, akiwa na miaka 122 na siku 164, umri mkubwa kuliko wa binadamu mwingine yeyote ambaye tarehe zake zimethibitishwa kwa nyaraka.

Kwa hiyo, kabla ya kumwona wakili, mwulize jirani yako mama yake alifariki akiwa na miaka mingapi. Akikujibu kwamba mama hajambo na anakusalimu, rudi nyumbani kwako.

Nilizaliwa Arua tarehe 29 Februari 1960. Wajukuu wananiambia kwamba nimeadhimisha siku yangu ya kuzaliwa mara 16 tu, kwa hiyo mimi ni kijana mwenzao na nisiwaamrishe. Niwajibu nini?

Hesabu yao ni sahihi, mzee wetu: ya kumi na sita ilikuwa 2024, ya kumi na saba itakuwa 2028. Kubali bila ubishi, tena mbele ya mashahidi. Kisha muhula utakapofunguliwa, waambie kwamba kijana wa miaka 16 halipi karo ya mtu, naye pia anangoja kulipiwa.