Kupatwa kwa mwezi wakati wa baridi huku Uingereza: usilale kwa sababu ya mawingu ya kwenye simu

Mkuu, naona wengi wamekujibu kwa mkato tu: "Uingereza sahau, mawingu matupu." Umesema uko Coventry, ghorofa ya tatu, roshani inatazama magharibi, na kila ukisikia mwezi unapatwa unafungua simu, unakuta mawingu asilimia 70, unarudi kulala. Unauliza kama kuna maana ya kukesha kwenye baridi. Ipo. Mimi niko hukuhuku Midlands, katikati ya England, na mwezi uliopatwa vizuri kuliko mara zote nilizowahi kuona niliuona Januari, siyo kiangazi.

Kiangazi chenyewe kilinitenda. Tarehe 27 Julai 2018 ulikuwa usiku wa kupatwa kamili kurefu kuliko kote karne hii, saa 1 na dakika 43. Nchi ilikuwa imeungua kwa joto wiki na wiki, anga halina doa. Jioni ileile joto likavunjika, radi na mawingu vikaingia sehemu kubwa ya England. Ndugu zangu Dar wananitumia picha za mwezi mwekundu na Mars pembeni yake, mimi natazama mvua dirishani. Kwa hiyo hii hadithi kwamba baridi ndiyo adui na joto ndiyo rafiki, mimi siinunui.

Ikaja alfajiri ya Jumatatu, 21 Januari 2019. Kivuli kizito cha dunia kilianza kuula mwezi saa 9 na dakika 34 usiku, ukafunikwa wote saa 10 na dakika 41, ukaanza kuachiwa saa 11 na dakika 43, na kivuli kikatoka kabisa saa 12 na dakika 51 asubuhi. Hesabu mwenyewe: zaidi ya saa tatu. Hapo ndipo ile asilimia 70 inapokudanganya. Haikuambii kwamba mwezi utafichwa usiku kucha. Mawingu ya huku wakati wa baridi mara nyingi yanatembea, na wewe unachohitaji ni upenyo wa dakika tano hapa, kumi pale. Aliyelala kwa sababu ya utabiri wa saa 3 usiku hana habari na upenyo wa saa 11 alfajiri.

Badala ya asilimia, tazama aina ya mawingu. Hili lilinichukua muda kulielewa kwa sababu sisi tumezoea kwamba upepo na mvua ndiyo hali mbaya, na utulivu ndiyo hali nzuri. Huku Januari inaweza kuwa kinyume. Mgandamizo mkubwa wa hewa ukitulia juu ya nchi, unaweza kufunika mji kwa wingu moja la chini, la kijivu, lisilosogea hata siku tatu, hakuna mvua wala upepo. Hilo likikukuta, lala. Lakini mvua ikishapita na upepo ukageuka kutoka kaskazini-magharibi, anga linachanika vipandevipande: manyunyu, nyota, manyunyu tena. Huo ndio usiku wa kukesha. Na kama utabiri unasema anga safi na upepo hakuna kabisa, jihadhari na ukungu wa alfajiri, hasa mabondeni na karibu na mito. Hapo kupanda kilima kidogo tu kunaweza kukutoa ndani ya ukungu.

Nikikaribia muda, utabiri naufunga, nafungua picha za setilaiti zinazojisasisha kila baada ya dakika chache. Usiku chagua zile za joto la mawingu (infrared), maana za kawaida zitakuwa nyeusi tu. Tazama mawingu yanakotoka na uone kama nyuma yake kuna nafasi. Tahadhari moja: mawingu ya chini sana huwa na joto linalokaribia la ardhi, hivyo kwenye picha hizo yanaweza yasionekane vizuri. Kwa hiyo toa kichwa nje pia!

Jambo ambalo sijaona mtu amelisema humu ni hili: wingu jepesi halina madhara sawa usiku mzima. Mwezi mpevu unapenya utandu wa mawingu bila shida, na hata ukiwa umeliwa nusu bado utauona. Ukishafunikwa wote, mwanga wake unashuka maelfu ya mara, na utandu uleule uliokuwa hauna neno unaufuta kabisa. Watu wengi hukata tamaa hapo, wanasema "umefichwa", wanaingia ndani, kumbe uko palepale nyuma ya utandu. Usiingie. Mwanga unaobaki ni ule uliopita kwenye hewa ya dunia pembeni kote na kupindwa kuingia kivulini. Wa bluu umetawanyika njiani, mwekundu ndio unaofika. Kama una darubini ya macho mawili, dakika chache kabla ya kufunikwa kabisa angalia ukingo wa kivuli: kuna ufito mwembamba wa rangi ya bluu-kijani, kazi ya gesi ya ozoni iliyo juu angani. Simu haikupi hicho.

Januari ile ya 2019 mawingu yalikuja na kwenda. Saa 11 na robo palifunguka, mwezi ukiwa rangi ya shaba iliyochakaa, na nyota zilizokuwa zimemezwa na mwanga wake zikajitokeza, pamoja na lile kundi hafifu la nyota za Kaa (Cancer) lililokuwa jirani. Baadaye nikageuka kusini-mashariki nikaikuta sayari ya Zuhura (Venus), na Mshtarii (Jupiter) karibu yake, zote mbili zimechomoza. Sikuwa nimezipangia. Wakati huo kundi la WhatsApp la msikiti lilikuwa linawaka moto, maana swala ya kupatwa inaswaliwa mwezi ukionekana umepatwa, kila mtu anauliza "kwenu umeonekana?" Wa Leicester ameuona, wa Birmingham anasema wingu. Nakwambia hiyo ilikuwa taarifa ya hali ya hewa bora kuliko programu yoyote.

Kuhusu baridi, kuna mambo machache tu. Simama juu ya kipande cha boksi, siyo juu ya saruji, kwa sababu baridi inayokurudisha ndani inapandia miguuni. Betri ya simu inakufa haraka, iweke mfuko wa ndani hadi unapoitaka. Darubini ukiirudisha ndani itajaa maji kwenye vioo. Ifunge kwenye begi kwanza, ipashe joto taratibu humo. Na usiendeshe gari kwenda kutafuta anga safi barabara zikiwa zimeganda. Nasema hivyo nikijua wapo humu watakaobisha. Darubini ya bei ndogo ya 10x50 (inakuza mara 10, vioo vya mbele milimita 50) inatosha. Usiuziwe lidubwana la mamia ya pauni kwa kazi hii.

Sasa roshani yako. Kwa ule wa 2019 ingekufaa, maana mwezi ulikuwa unashuka magharibi. Ujao wa kufunikwa wote wakati wa baridi ni 31 Desemba 2028, na hapo haikufai: mwezi utachomoza kaskazini-mashariki ukiwa tayari umeliwa, kufunikwa kote ni saa 10 na dakika 16 hadi saa 11 na dakika 28 jioni, anga bado lina mwanga mwanzoni. Tafuta uwanja usio na majengo upande huo. Ukiwa umekwenda nyumbani Afrika Mashariki kwa mwaka mpya utaupata vizuri zaidi, kuanzia saa 1 na dakika 16 usiku. Wa 20 Desemba 2029 ndio wetu sisi wa huku. Kilele ni karibu saa 5 kasorobo usiku, mwezi ukiwa juu sana, kama ilivyo kawaida ya mwezi mpevu wa Desemba. Utakuwa juu kiasi kwamba paa la roshani litauziba. Shuka maegesho ya magari, na chukua kiti cha kulalia.